Shemeji yuko Muscat na nafasi ya fimbo moja ya gofu: niagize sendi weji ipi?

SWALI

Mzee wangu, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja hapa Bagamoyo, naishi Magomeni. Gofu nimeianza ukubwani, na huu ni mwaka wa pili. Jumamosi moja moja naamka alfajiri, napanda gari la Makumbusho, nashuka Lugalo kwenye uwanja wa gofu, begi likiwa mgongoni. Siku nyingine mazoezi yangu ni ufukweni, maji yakipwa, nikiwa peke yangu na mipira yangu kumi ya zamani.

Nina fimbo 10. Aironi zangu, yaani fimbo za kichwa cha chuma, ni seti ya mkono wa pili, kuanzia namba 5 hadi ile yenye herufi P, pichingi weji, na shafti zake, ule mti wa fimbo, ni za grafaiti. Ile P ikikaa vizuri naipiga kama mita 85. Baada ya hapo sina kitu. Sendi weji, ile fimbo ya kupigia mchangani, sina kabisa.

Mwezi uliopita, shimo la 18, mpira wangu uliingia bunka, lile dimbwi la mchanga, iliyo mbele ya grini, yale majani mafupi yenye kishimo. Nilipiga kwa P mara tatu, fimbo ikazama na mpira ukabaki palepale. Kedi, mbeba begi, akaniazima weji yake ambayo uso wake umelala kwa nyuzi 60. Ya kwanza ikazama pia. Ya pili ikaugonga mpira kichwani, ukaruka grini nzima na kutua upande wa pili. Mikwaju mitano, mzee, na wenzangu wamesimama wananingoja. Nilimaliza mikono ikitetemeka, na tangu siku hiyo nikiona mchanga mbele ya grini moyo unanienda mbio.

Sasa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anafanya kazi Muscat na anarudi likizo baada ya wiki tatu. Amesema ana nafasi ya fimbo moja tu kwenye mzigo wake. Mume wangu anasema nisijisumbue, niagize S, yaani sendi weji, ya kampuni ileile ya aironi zangu, maana S ni S. Mchezaji mwenzangu anasisitiza ninunue nyuzi 60, kwa sababu ndizo zinazoinua mpira haraka. Nimetenga laki tatu na sitapata nyingine hadi mwakani.

Nimwambie shemeji anunue ipi?

Mwalimu wa Magomeni, Bagamoyo

JIBU

Marahaba, mwalimu wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile mikwaju mitano imeniuma kama vile nilikuwa pale. Miaka niliyobeba mabegi ya watu nimeona watu wazima, wenye heshima zao, wakitoka bunka machozi yakiwalenga. Mara nyingi mkono haukuwa na kosa kubwa kama walivyodhani. Walikuwa wameingia mchangani na fimbo isiyotengenezwa kwa mchanga. Wewe umeingia na mbili za namna hiyo, moja baada ya nyingine.

Nianze na neno la mumeo, maana lina nusu ya ukweli na sitaki ulitupe lote. Kufananisha sendi weji na aironi ni jambo jema. Kosa ni kudhani kwamba herufi ndiyo inayofananisha. S haisemi chochote kuhusu kipimo. Kiwanda kimoja kinaandika S kwenye fimbo ya nyuzi 54, kingine kwenye ya 56, na zote ni halali. P nayo ni hivyohivyo, tena ndiyo inayodanganya zaidi.

Zamani, mathalani miaka ya 1970, pichingi weji ilikuwa na lofti, yaani mlalo wa uso wa fimbo, ya nyuzi 48 hadi 50, na sendi weji nyuzi 55 au 56. Ukitoka moja kwenda nyingine ulikuwa unavuka pengo la kawaida. Viwanda vikaanza kuusimamisha uso wa aironi kidogo kidogo, ili mchezaji aone namba 7 yake inakwenda mbali kuliko ya jirani. Leo P nyingi, hasa za seti zilizoundwa kuwasaidia wanaojifunza, zina nyuzi 43 hadi 45. Sendi weji haikuweza kuzifuata, kwa sababu mchanga haujabadilika na bado unahitaji uso uliolala vilevile. Pengo likawa kubwa, na ndani ya pengo hilo ndipo ilipozaliwa weji ya kati, ile unayoiona imeandikwa A, au G, au wakati mwingine namba ya nyuzi zake tu.

Kwa hiyo, kabla hujamwandikia shemeji neno lolote, pima P yako. Wewe ni mwalimu wa hisabati, mkebe unao. Kwa seremala yeyote hapo Magomeni utaazima timazi. Simamisha fimbo sakafuni, soli yake ikikaa kama unavyoiweka nyuma ya mpira, na mtu akushikie mpini. Wewe kaa chini, upande wa ncha ya fimbo, macho yakiwa usawa wa kichwa chake. Ning'iniza timazi mbele ya macho yako na umwambie mshikaji asogeze mpini mbele au nyuma hadi shafti ifuatane na uzi. Bandika rula kwenye uso wa fimbo, ikiikatiza mistari kutoka chini kwenda juu, kisha piga picha kwa simu. Kwenye picha, pima kwa protakta pembe iliyopo kati ya rula na uzi. Hiyo ndiyo lofti yako. Utakosea nyuzi moja au mbili, na haidhuru. Tunachotaka kujua ni kama uko kwenye 44 au kwenye 48.

Ukipata 47 au 48, mambo ni mepesi: agiza 56, na siku ukipata fedha nyingine utaweka 52 katikati. Lakini nakisia hutapata 48. Aironi za grafaiti za kusaidia wanaojifunza, zikiwa si za zamani sana, huangukia 44 au 45. Hapo ukinunua 56 unaacha pengo la nyuzi 11 au 12, na kwa nguvu zako hilo ni karibu mita 30 zisizo na fimbo. P yako inakwenda 85, sendi weji itakwenda 55 au zaidi kidogo, na kila mpira utakaokaa mita 70 utakuwa unaukisia. Katika hali hiyo mimi nasema chukua 54. Inatosha kabisa kukutoa mchangani, inapunguza pengo, na baadaye weji ya kati ya nyuzi 49 itakaa karibu katikati yake na P, nyuzi nne au tano huku na tano kule. Kanuni inakuruhusu fimbo 14 na wewe una 10, nafasi ipo. Mpaka hiyo ya kati ipatikane, kwa zile mita 70 shika P chini kidogo kwenye gripu, pale pa kushikia, vidole viwili chini ya pale unaposhika siku zote, na usiivute mikono hadi juu.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hakuna aliyekutajia, si mumeo wala mwenzako, na kwa mtu wa bunka ni kikubwa kuliko nyuzi za lofti. Ni baunsi.

Chukua ile P yako uiweke juu ya meza, kisha omba weji ya mchanga ya mtu yeyote uiweke kando yake. Inama uangalie kwa chini. Utaona kwamba soli ya P ni nyembamba na ukingo wake wa mbele uko karibu kugusa meza. Ya mchanga ina tumbo. Tumbo hilo ndilo linalogusa meza, ukingo wa mbele umeinuka, na unaweza kupitisha kadi ya simu chini yake. Pembe hiyo ya kuinuka ndiyo baunsi. Nayo hupimwa kwa nyuzi, na kwenye weji nyingi imechongwa kandokando ya lofti, mfano 56.12, au 54 kisha 14.

Kazi yake unaijua tayari, ila umeiona kwenye vyombo vya baharini. Pale soko la samaki, maji yakipwa, wavuvi wanapoisukuma ngalawa kwenda majini, inateleza juu ya mchanga kwa sababu chini ni mviringo. Ungekuwa na ubao uliochongwa makali kama jembe, ungejichimbia palepale na watu kumi wasingeutoa. Fimbo yenye baunsi ndogo ni jembe. Inakata mchanga, inazama, inasimama, na mpira unabaki ukikutazama. P yako ni jembe. Na ile 60 uliyoazimwa, kwa jinsi ulivyoeleza ilivyozama, nina hakika soli yake ilikuwa nyembamba. Mara ya pili ukaogopa isizame tena, ukajiinua bila kujua, ukaugonga mpira wenyewe badala ya mchanga, nao ukaruka grini. Makosa mawili tofauti, na chanzo ni kimoja.

Tumbo hilo lina historia. Mwaka 1932 Mmarekani Gene Sarazen alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza katika uwanja wa Prince's, akiwa na fimbo aliyoiongezea madini chini ya soli kwa kuyayeyusha na kuyabandika. Alikuwa amechoshwa na fimbo nyembamba zinazozama, akataka moja itakayogonga mchanga na kupanda. Sendi weji za leo zote zimetokana na wazo hilo. Nakueleza haya ili ujue kwamba hata bingwa alishindwa bunka kwa fimbo nyembamba, na dawa aliyoipata haikuwa kuongeza nguvu mikononi.

Baunsi kiasi gani? Nyuzi 4 hadi 6 ni ndogo, inafaa ardhi kavu ngumu na mchanga ulioshikana. Saba hadi 10 ni ya kati. Kuanzia 11 hadi 14 ni kubwa, kwa mchanga mwingi na laini. Ungekuwa mchezaji wa miaka mingi ningekuuliza maswali mengi hapa. Wewe unazama, na unazama kwenye mchanga laini, kwa hiyo chukua 12. Ukipata 14 si vibaya. Chini ya 10 usikubali, hata kama muuzaji wa huko atamsifia shemeji uzuri wake.

Ina hasara yake, na sitakuficha. Kwenye majani makavu ya kiangazi, ardhi ikiwa imekauka kama saruji, fimbo ya tumbo inaweza kudunda na kuugonga mpira kichwani. Siku hizo, kwa vipigo vifupi vya kandokando ya grini, tumia P au hata namba 9 na uache mpira ubingirike. Sendi weji itunzie mchanga na majani marefu.

Kuhusu nyuzi 60: mwenzako hana nia mbaya, lakini si ya kwako kwa sasa. Mchanga unakula nguvu ya fimbo. Ukipiga bunka unapiga mchanga, na mchanga ndio unaoubeba mpira. Uso uliolala sana unaupeleka mpira juu bila kuusogeza mbele, kwa hiyo inakubidi upige kwa nguvu kubwa zaidi, na mwenye hofu akiongeza nguvu mambo yanazidi kuharibika. Kwa 54 au 56 utapiga kwa utulivu na mpira utatoka.

Shafti nitaipitia haraka. Zako ni grafaiti, nyepesi. Weji nyingi zinauzwa na shafti za chuma, na sendi weji kwa kawaida huwa nzito kichwani kuliko aironi nyingine, kwa makusudi, ili ipite mchangani. Uzito kidogo ni sawa. Uzito wa kukuchosha mkono si sawa. Shemeji akipata ya grafaiti, au ya chuma kilicho chepesi, achukue hiyo. Urefu usizidi P yako. Ikiwa fupi kwa robo hadi nusu inchi ndivyo inavyotakiwa. Unene wa gripu uwe sawa na ulionao, kwani ukibadilika mikono inashika kwa namna nyingine bila wewe kutambua.

Na hapa ndipo ninaporudi kwa mumeo. Kama shemeji ataikuta sendi weji iliyotoka kwenye seti yako hasa, jina lilelile la toleo na si kampuni tu, aulize lofti na baunsi yake. Ikiwa ni 54 hadi 56 na tumbo la 11 au zaidi, ainunue bila kusita, maana shafti na uzito vitaendana na ulivyovizoea. Kampuni peke yake haitoshi. Kampuni moja ina weji za kila namna.

Laki tatu huenda isifikie mpya nzuri, kwa hiyo achukue ya mkono wa pili, ila aikague. Apitishe ukucha kwenye mistari ya uso: ukucha ukwame. Ukiteleza, fimbo hiyo imechoka. Aigeuze aangalie soli. Wachezaji wengine hulisaga tumbo kwa mashine ili kulipunguza, na hapo namba iliyochongwa inakuwa uongo. Soli iliyosagwa ina mng'aro au mikwaruzo isiyofanana na sehemu nyingine. Kisha ailaze kwenye kaunta, kichwa kikining'inia nje, aibingirishe shafti taratibu. Ikiyumba, imepinda.

Ikifika, usikimbilie Lugalo. Nenda ufukweni kama ulivyozoea, lakini acha ule mchanga wa maji uliobanana, panda juu kidogo ambako ni mkavu na mguu unazama. Chora mstari mrefu kwa kidole. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu, fungua uso wa fimbo kidogo kabla hujaishika, yaani uelekee kuliani kwako kama unatumia mkono wa kulia, kisha piga mstari. Bila mpira. Ukiufungua uso, tumbo linazidi kushuka chini, na ndilo tunalolitaka. Angalia alama uliyoacha. Iwe na urefu wa ndala, kina cha unene wa kidole, na ianzie kwenye mstari au nyuma yake kidogo. Ikiwa shimo fupi lenye kina, bado unachimba. Sogea hatua moja, rudia. Zikifika alama 20 zinazofanana, weka mpira upana wa vidole vitatu mbele ya mstari na uendelee kupiga mstari uleule. Usiutazame mpira. Mchanga ukitoka, mpira nao utatoka.

Baadaye jaribu kule chini kwenye mchanga wa maji, uone fimbo ileile inavyodunda. Utajifunza kuutambua mchanga kwa nyayo zako, na hilo lina faida kubwa, kwa sababu ndani ya bunka ya mashindano huruhusiwi kuupima mchanga kwa mkono wala kwa fimbo kabla ya kupiga; adhabu yake, katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, ni mikwaju miwili. Miguu tu ndiyo inayoruhusiwa, pale unapojipanga kusimama. Na ukitoka ufukweni, suuza fimbo kwa maji baridi ya bomba, ikaushe, uipake mafuta kidogo. Chumvi ya Bagamoyo haina huruma na chuma.

Ukishapima P, ujumbe wa shemeji uwe hivi, unakili kama ulivyo na uache namba moja tu kati ya mbili za mwanzo:

«Shemeji, naomba sendi weji ya mkono wa kulia. Lofti 54 kama P yangu imepimwa 44 au 45. Lofti 56 kama imepimwa 47 au 48. Baunsi 12 hadi 14, chini ya 10 usichukue. Grafaiti, au chuma chepesi. Mistari ya uso iwe mikali, soli isiwe imesagwa. Nitumie picha ya soli kabla hujalipa.»

Ikiwa kipimo kimetoka 46, katikati kabisa, mwache achukue itakayopatikana ikiwa nzuri zaidi kati ya hizo mbili. Kama unatumia mkono wa kushoto, badilisha neno hilo mapema, maana hukulitaja kwenye barua. Na mkumbushe kwamba fimbo haingii naye ndani ya ndege, iende kwenye mzigo wa chini, kichwa kikiwa kimefungwa taulo.